Nusa Kabla Hujawasha

Mwili wa Mazin ulikuwa umelazwa kando ya barabara ya Pangani, juu ya kanga ya mwanamke asiyemfahamu. Inspekta Anastazia alipoinama kuufunua uso, kilichomshtua hakikuwa damu. Ilikuwa harufu ya udi.

Alidhani pua yake inamchezea. Akainama tena. Ndani ya moshi wa mpira na rangi iliyoungua, udi ulikuwepo, mzito, wa gharama, ule wa kufukizia chumba cha bwana harusi.

"Na wewe umeusikia," alisema mzee mmoja nyuma yake. "Nilidhani ni mimi tu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Zubeiri. Shamba hili langu, na mnazi ule wangu."

Mnazi wenyewe ulikuwa umechubuka gome na kuinama kidogo. Chini yake lilikaa gari la spoti la buluu, boneti imekunjamana, sehemu ya mbele nyeusi tii mpaka kwenye kioo. Huku nyuma gari lilikuwa zima, linang'aa, kama halijapata habari ya yaliyotokea mbele. Mzee Zubeiri na majirani zake wa Kigombe ndio waliomtoa kijana na kuuzima moto kwa mchanga. Mahali fulani ndani ya gari simu ilikuwa ikiita, ikakatika, ikaita tena.

"Mlimtoa akiwa hai?"

"Alikuwa keshakata roho. Kifua kilikuwa kimebanwa na usukani."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Pale, nafua nazi."

"Ukaona nini?"

"Kwanza nilisikia. Mwanangu, ile si sauti ya gari. Nilidhani ni ndege inaanguka, nikaangalia juu." Mzee aliangalia juu tena, hata sasa. "Kumbe mambo yako chini. Likatokea upande wa Tongoni, moto unatoka chini ya boneti, yeye haoni mbele. Likayumba mara mbili, likaja kwangu."

"Moto ulianza kabla ya kugonga mnazi, au baada?"

"Kabla. Wallahi, kabla. Mnazi ndio uliomuua, lakini moto ndio uliomleta kwenye mnazi."

Anastazia alilishika neno hilo. Gari likigonga, huwaka; hilo hata mtoto analijua. Lakini gari linalowaka kwanza ndipo ligonge lina maelezo mengine.

Koplo Laurenti, mkaguzi wa magari wa trafiki, alikuwa akilizunguka gari polepole, kofia mkononi. Kijana huyu hucheka hata kwenye paredi. Leo hakucheka.

"Unalijua?" Anastazia alimuuliza.

"Afande, Tanga nzima inalijua. Ukiwa Raskazone jioni ukaona vikombe vya kahawa vinatetemeka mezani, ujue Mazin anatoka kwao." Aliigeuza kofia mkononi. "Hili lilikuwa halitembei. Lilikuwa linaruka."

"Ndiyo maana limetua vibaya," alisema Anastazia, kisha akajuta, kwa sababu kijana yule juu ya kanga alikuwa na umri wa mdogo wake.

Tuseme ukweli, Inspekta Anastazia hakuwa mtu wa magari. Kwake yeye Mbondei wa Muheza, gari lilikuwa kitu cha kukufikisha, na likikufikisha umekaa kitako basi ni neema. Kabla wiki haijaisha, dharau hiyo ingemtoka.

* * *

Maiti haijafika hospitali, mji ulikuwa umeshatoa hukumu. Aliyemuua Mazin ni Nasri, fundi wa Nguvumali, mtaalamu wa kuongeza nguvu za injini. Nani mwingine? Yeye ndiye aliyelifungua gari zima na kulifunga upya. Anastazia alipofika gerejini kwake, vijana walikuwa wameshavunja dirisha na sasa walikuwa wanamtafuta mwenyewe. Akamtia pingu mbele yao, nusu kumkamata na nusu kumwokoa.

"Jina?" alimuuliza kituoni.

"Nasri. Watu wananiita Nasri Tabo."

"Sikuuliza watu. Gari la Mazin ulilifanyia nini?"

"Bora uniulize sikulifanyia nini, nitajibu kwa ufupi."

"Nasri, kuna mtu amekufa."

Majivuno yakamtoka mara moja. Alikuwa mtu mzima wa haja, mikono imepakwa oili mpaka kwenye viwiko, macho mekundu. Ilionekana alishalia kabla hawajamfikia.

"Nilibadilisha tabo, nikaweka kubwa. Ile ndiyo inayosukuma hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi inataka petroli zaidi, nikaweka pampu kubwa na mipira mipya ya kuipitisha. Kisha nikaipanga upya kompyuta ya injini ikubali yote hayo. Nguvu zimekaribia mara mbili ya zile za kiwandani."

Anastazia aliweka kalamu chini. "Mara mbili. Kama inawezekana, kwa nini kiwanda hakikufanya?"

"Watu hawaulizi swali hilo, afande. Wangeuliza, nisingekuwa na kazi."

"Jibu."

"Kiwanda kinamtengenezea mtu kisiyemjua. Huyo mtu atatia mafuta mabovu, atasahau oili, atapanda nalo Lushoto mchana wa jua kali. Kwa hiyo kinaacha akiba kwenye chuma, akiba ya joto na akiba ya presha. Sisi tunachofanya ni kuila hiyo akiba."

"Ikiisha?"

"Pistoni inatoboka. Giaboksi inakatika meno. Mpira unachomoka. Breki zinashindwa kusimamisha kitu ambacho hazikuumbiwa."

"Mazin ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Yote?"

Nasri aliitazama mikono yake. "Breki sikumsisitizia. Zilikuwa zile zile za kiwandani. Tulisema tutabadilisha baada ya mashindano."

Mashindano yenyewe yalikuwa ya Jumamosi ile ile, kwenye barabara iliyonyooka ya shamba la mkonge lililoachwa, huko mbele ya Kigombe. Mpinzani alikuwa kijana wa Mombasa aliyekuja na gari lake juu ya lori. Mazin alikuwa njiani kwenda kukutana naye.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua breki. Moto siujui. Ijumaa jioni nimemkabidhi gari zima, nimekagua kila kiungo. Na kila mteja wangu namfundisha sheria moja: fungua boneti, nusa kabla hujawasha. Ukisikia petroli, usiguse ufunguo, nipigie. Mazin alikuwa akinusa kila siku. Sikiliza mwenyewe, alinitumia Jumamosi asubuhi."

Anastazia alimrudishia simu yake iliyokuwa kwenye mfuko wa vielelezo. Nasri akabonyeza, na sauti ya marehemu ikajaa chumbani, inacheka.

"Fundi! Nimefungua boneti, nimenusa kama ulivyonifundisha. Hamna petroli, hamna kitu, udi mtupu! Mama kanifukizia gari kama chumba cha harusi. Naondoka zangu, niombee."

Kicheko cha mtu aliyekwisha kufa si kitu cha kukizoea, hata kama umevaa nyota begani.

"Ujumbe huu unakutia hatiani, Nasri," Anastazia alisema mwishowe. "Asubuhi petroli ilikuwa haivuji. Basi mpira wako umelegea njiani."

"Mpira wangu haulegei."

"Kila fundi husema hivyo."

"Nipeleke Nguvumali nikuoneshe. Ukiona nimedanganya, nirudishe unifunge."

* * *

Ndani ya gereji ile, Anastazia alitegemea kukuta uchafu. Alikuta sakafu iliyofagiwa, spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa, na gari jeupe la mteja mwingine limefunguliwa boneti. Nasri alimwonesha klipu moja ya chuma, ile inayobana mpira wa petroli. Juu yake palikuwa na mstari mwekundu mwembamba, umeanzia kwenye kichwa cha skrubu ukaishia kwenye mkanda wa klipu.

"Rangi ya kucha," alisema. "Ya mke wangu, ananinunia kwa ajili yake. Nikishakaza klipu, napiga mstari. Skrubu ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika. Kila klipu ya gari la Mazin niliipiga mstari Ijumaa. Nenda kaangalie."

Laurenti alikohoa. "Afande, kabla hatujaondoka. Ungemruhusu aliwashe hili. Ni kwa ajili ya upelelezi."

Anastazia alijua kabisa kwamba haikuwa kwa ajili ya upelelezi. Akaitikia kwa kichwa.

Nasri hakukimbilia ufunguo. Aliinama juu ya injini, akafumba macho, akapitisha pua kwenye kila kiungo taratibu, kama mama anayenusa utosi wa mtoto mchanga. Aliporidhika akaingia ndani, akawasha.

Mwanzo ilikuwa ngurumo tu. Kisha akakanyaga mafuta.

Anastazia aliisikia kwenye mbavu kabla ya masikio. Spana zilicheza ukutani. Ilianza nzito, ikapanda, ikawa filimbi inayolia ndani ya radi, na kila ulipodhani imefika mwisho ikazidi kupanda. Nywele za mikono zilimsimama. Alisahau kwamba yuko kazini, akasahau pingu za Nasri zilizokuwa mfukoni mwake, akabaki ameduwaa mdomo wazi mbele ya kitu ambacho mikono ya binadamu imekitengeneza na hata hivyo kinazidi kimo cha binadamu. Nasri alipozima, kimya kilichofuata kilimuuma.

"Mungu wangu," alisema.

"Na hilo bado," alijibu Nasri kwa unyonge. "La Mazin lilikuwa zaidi."

Hapo Anastazia alielewa kwa nini kijana anaweza kukipenda kitu kama kile mpaka asisikie la mtu. Akaelewa pia kwamba anayempenda kijana huyo, akikaa kando akaisikia sauti ile, lazima aogope.

* * *

Mabaki ya gari la buluu yalikuwa uani kwa polisi. Laurenti alijilaza chini yake na tochi kwa muda mrefu. Alipotoka, uso ulikuwa mweusi kwa masizi na hakuwa na utani.

"Fundi hakudanganya. Klipu zote zina mistari, na yote imenyooka. Isipokuwa moja, ile ya mpira unaopita juu ya tabo. Moto uliipitia kwa juu, upande wa chini mchanga uliiwahi. Rangi imebabuka lakini inaonekana. Nusu ya mstari iko kwenye mkanda, nusu nyingine iko kwenye skrubu na imetazama kwingine kabisa."

"Haikulegea yenyewe?"

"Ikilegea yenyewe haichubuki. Hii imekwaruzwa. Na kuna hiki kimenasa kwenye mfuo wa skrubu." Kwenye kiganja chake palikuwa na kipande cha chuma chembamba, kidogo kama ukucha wa mtoto. "Ncha ya kisu. Fundi angetumia bisibisi, afande."

"Mpira ukiwa umelegezwa hivyo, gari linawaka?"

"Linawaka vizuri tu. Likiwa limesimama linadondosha matone. Mjini, mwendo wa taratibu, huoni kitu. Lakini akifika kwenye barabara iliyonyooka akakanyaga mpaka chini, ile pampu kubwa inasukuma kwa nguvu zake zote. Petroli inaruka juu ya tabo, na tabo wakati huo ni nyekundu kwa joto."

"Kwa hiyo matone yalikuwepo tangu Raskazone."

"Lazima."

"Na Mazin alifungua boneti, akanusa, asisikie petroli."

"Ndicho kisichoniingia akilini."

Anastazia aligeuka akaondoka. Alikuwa amekumbuka ile kanga ya kando ya barabara, na harufu iliyomshtua kabla ya damu. Sauti ya kijana ikamrudia, inacheka: udi mtupu. Alikaa kwenye ngazi ya kituo, akaona kizunguzungu kama mtu aliyechungulia kisima kirefu.

* * *

Nyumba ya akina Mazin ilikuwa ya ghorofa moja, ya zamani, yenye baraza pana linaloelekea baharini. Hitima ilikuwa imeshasomwa. Wanawake walikaa kwenye mikeka ukumbini, wanaongea kwa sauti za chini. Anastazia alivua viatu mlangoni, akajitanda mtandio kichwani. Laurenti alibaki nje na gari la polisi.

Aliyempokea ni Shamsiya, dada mkubwa wa marehemu, mwalimu wa kemia sekondari. Alikuwa mrefu, mtulivu, na hakumtazama Anastazia machoni. Akamwongoza chumba cha ndani alikokuwa mama yao.

"Shikamoo, Bi Sabiha. Poleni kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa, kazi ya Mungu haina makosa. Karibu ukae."

Bi Sabiha alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mjane wa siku nyingi, ameketi wima kwenye mkeka kama anayesubiri mgeni. Tangu mumewe afariki, mashamba ya minazi ya Pangani na watoto wale wawili vyote vilikuwa mikononi mwake. Sasa amebaki na mmoja.

"Nitakuuliza machache, mama. Jumamosi asubuhi, nani aliingia kwenye banda la gari?"

"Mimi."

"Kufanya nini?"

"Kumfukizia mwanangu. Kila wangu akisafiri namfukizia. Baba yao alipokuwa akienda shamba, vivyo hivyo. Hata Shamsiya alipokwenda chuo, basi zima lilijua."

"Kabla yako hakuingia mtu?"

"Sijui. Alfajiri kila mtu anaamka kuswali."

Shamsiya alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Vikombe vikagongana.

"Naomba kuviona vyombo vya udi, kama haitakuwa vibaya."

Bi Sabiha mwenyewe alivileta: chetezo cha shaba, mkebe wa udi, na kisu kidogo cha mpini mweusi cha kuchongea vipande. Anastazia alikichukua kisu, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha haikuwepo. Akatoa mfuko wa kielelezo, akakisogeza kile kipande kwenye mvunjiko. Vilikutana sawasawa.

"Kisu hiki cha nani?"

"Changu. Hakishikwi na mtu mwingine."

"Kilivunjika lini?"

"Kimevunjika?" Bi Sabiha alikichukua, akakileta karibu na macho. "Alhamisi nilichongea udi kikiwa kizima."

"Mama, ncha hii imetoka kwenye gari la Mazin. Kisu hiki ndicho kilicholegeza mpira wa petroli."

Bi Sabiha alimtazama. "Kisu changu? Basi mimi ndiye..."

"Nyamaza, mama." Shamsiya alitua sinia sakafuni, chai ikamwagika. "Afande, mama hajui hata boneti inafunguliwa wapi. Ni mimi. Niliingia baada ya swala ya alfajiri. Sikupata bisibisi, nikachukua kisu."

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka achelewe!"

Sauti yake ilifika ukumbini. Mazungumzo kwenye mikeka yakakatika.

"Kaa, mwalimu," Anastazia alisema kwa upole. "Anza mwanzo."

Shamsiya alikaa karibu na mama yake, lakini hakumgusa.

"Wiki chache nyuma alinipakia kwenye gari lile, tukachukua barabara ya Pangani. Unataka ukweli? Nilipenda. Nilicheka kama mtoto, minazi inapita kama meno ya chanuo, nikamwambia ongeza. Akaongeza. Kisha nikageuka kumtazama, na sikumwona ndugu yangu. Macho yalikuwa yake, lakini mwenyewe hayupo. Ningemwita asingesikia. Tangu siku ile sikulala. Nimesoma kila kitu kuhusu joto la injini ile. Nilimfuata Nasri nikamuuliza habari ya breki, akaniambia baada ya mashindano. Baada! Kama vile baada ni kitu alichokiweka kabatini."

"Mazin ulimwambia?"

"Nilimlilia. Akanibusu kichwani, akaniambia dada, hii ndiyo ya mwisho."

"Si ungeficha ufunguo?"

"Alikuwa na wa pili. Tairi ningetoboa, angebadilisha. Kitu pekee alichokuwa akikitii kwenye gari lile ni pua. Kila siku mezani alikuwa akituigizia jinsi Nasri anavyonusa, mpaka tukacheka. Nikajua akisikia petroli hawashi. Atampigia Nasri, Nasri atoke Nguvumali, wahangaike, na mtu wa Mombasa arudi kwao. Nililegeza kidogo tu. Nilikaa bandani mpaka nikaisikia harufu mwenyewe, ndipo nikatoka. Kisha nikasikia gari linawaka." Alifunika uso. "Nilikimbia mpaka getini, afande. Miguu mitupu. Nilipiga simu na kupiga, hakupokea."

Anastazia alikumbuka simu iliyokuwa ikiita ndani ya gari lililoungua wakati yeye anaongea na Mzee Zubeiri. Hakuwa ameitilia maanani.

Bi Sabiha ndiye aliyeuliza. Aliuliza bila hasira, kama anayetaka kuelewa.

"Basi mbona hakunusa?"

Shamsiya aliinua uso. Alimtazama Anastazia, na safari hii alimtazama machoni. Anastazia hakuwahi kuombwa na mtuhumiwa ombi zito kama lile, na halikuwa la kuombea nafsi yake.

"Alikuwa na mafua, mama," Shamsiya alisema.

Anastazia alikuwa na ile sauti ya Mazin kwenye mkoba wake. Neno moja lake lingetosha kuuweka ukweli mahali pake, na kuweka ukweli mahali pake ndiyo kazi aliyoapa. Akaufunga mdomo wake.

"Mafua," Bi Sabiha alirudia.

"Ndiyo, mama."

"Nilimbusu asubuhi ile. Hakuwa na mafua." Aliweka mkono juu ya chetezo kilichopoa. "Mimi nilinusa, Shamsiya. Nilipofungua banda, gari lilikuwa linanuka petroli mpaka machozi yakanitoka. Nikaona haya. Nikasema mwanangu hatakwenda mbele ya watu wa Mombasa na gari linalonuka kama kibatari. Nikafungua milango ipite hewa, nikafukiza. Harufu haikutoka. Nikarudi ndani nikachukua ule udi mwingine, ule niliouweka kwa ajili ya harusi yake. Nikatia wote. Nikafukiza mpaka mbele, mpaka chini. Nikahakikisha petroli haisikiki tena."

Anastazia alikitazama chetezo. Makaa ya moto, mkononi mwa mama huyu, juu ya matone yale. Nyumba nzima ingeweza kuondoka asubuhi ile. Haikuondoka; kilichoondoka ni kitu kimoja tu, harufu iliyowekwa na mtu mmoja anayempenda Mazin ikaondolewa na mwingine anayempenda vilevile. Alikuwa ameshashika kesi za wivu, za mashamba, za ulevi. Alizielewa zote. Mbele ya hii alijiona mdogo, kama alivyojiona mbele ya injini ile Nguvumali.

"Hukujua, mama," Shamsiya alilia, kichwa mapajani mwa mama yake. "Hukujua."

"Na wewe hukujua." Bi Sabiha alimpapasa nywele. Kisha akamgeukia Anastazia. "Utuandike wote wawili, mwanangu. Kisu changu, na udi wangu."

"Sheria haina kosa la kufukiza, Bi Sabiha. Shamsiya nitakwenda naye. Ataandika maelezo, na mahakama itaamua kuhusu kuua bila kukusudia. Nitasema huko yote niliyoyasikia humu ndani, hata lile la mafua."

Akatoka barazani, akapiga simu kituoni. "Mfungulieni Nasri," alisema. "Mwambieni watu wa mji nitawaambia mimi kwamba si yeye."

* * *

Walipotoka na Shamsiya, wanawake wote walikuwa wamesimama. Hapakuwa na pingu. Anastazia aliziacha mfukoni. Laurenti alifungua mlango wa nyuma, Shamsiya akaingia, akakaa na mikono mapajani kama mwanafunzi wake mwenyewe.

Mmoja wa shangazi, kwa mazoea tu, alikuwa ameshachochea makaa. Mtoto wa nyumba ile akiondoka, chetezo hutolewa. Alimletea Bi Sabiha pale barazani, moshi ukipanda. Bi Sabiha alikitazama, akakisukuma kwa mgongo wa mkono.

"Ondoa hicho."

Akashuka ngazi bila viatu. Akalipita dirisha la binti yake bila kusimama, akaenda mbele ya gari la polisi.

"Fungua," alimwambia Laurenti.

Koplo alimtazama mkubwa wake. Anastazia aliitikia kwa kichwa. Laurenti akainyanyua boneti, akaiegesha kwenye fimbo yake.

Bi Sabiha aliushusha mtandio chini ya pua. Akaishika bodi kwa mikono miwili ili asianguke, akainama juu ya injini ile kuukuu, iliyojaa vumbi la barabara zote za mkoa. Akafumba macho. Akapitisha pua upande mmoja, akapitisha upande wa pili, akarudi tena mwanzo. Ndani ya gari Shamsiya alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo.

"Oili," Bi Sabiha alisema. "Na vumbi."

Akajinyoosha, akarudi nyuma hatua chache, akajifunika vizuri.

"Haya," alimwambia Laurenti. "Washa."